Hajakukatia Simu Makusudi, Kabonyeza Sipo

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji wa Mbagala aliyeandika kwamba alipiga simu ofisi moja mara nne asubuhi moja, mara zote nne ikapokelewa, akaambiwa subiri nikuunganishe, alafu tii tii tii imekatika, na yeye akahitimisha kwamba watumishi wa siku hizi wana jeuri, unawapigia na shida yako wanakukatia. Barua yake nimeisoma mara mbili na uchungu wake naujua mana na mimi nishakatiwa sana. Ila mimi nilikaa kwenye swichibodi, ile meza ya kupokea na kuunganisha simu za ofisi, miaka 31 mpaka nimestaafu, sikio la kushoto ndo lilikuwa la kazi na hadi leo halisikii vizuri, na nasema hivi: katika hizo mara nne jeuri labda ni moja. Tatu zilizobaki huyo dada wa mapokezi kabonyeza sipo, na hajui kama kabonyeza sipo, ye anajua kakuunganisha, saa hizo anakunywa chai yake roho nyeupe kabisa.

Ngoja nieleze inavyotokea. Simu nyingi za mezani kwenye maofisi yetu siyo zile za kisasa zenye kioo na vitufe kama rimoti. Ni simu ya kawaida tu ya kununua Kariakoo, imechomekwa kwenye kile kisanduku cha ukutani ambacho mafundi wanakiita PABX, ndo mtambo wenyewe unaogawa simu kwenye meza za ofisi. Simu hiyo haina kitufe cha kushikilia wala cha kuhamisha. Ina kitufe kimoja kidogo pembeni chenye herufi R, mara nyingi maandishi yameshafutika, na hicho ndo kila kitu. Ukikibonyeza mteja wako anasimama pembeni kwenye laini, we unasikia mlio wa kupigia, unapiga namba ya ndani ya huyo anayetafutwa, akipokea unamwambia kuna mtu wako hapa, unaweka mkonga chini na wao wameshaungana. Kama hapokei unabonyeza tena unarudi kwa mteja unamwambia hayupo mezani, nimpe ujumbe gani. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Sasa kama hiyo R imekufa, au mtu hajawahi kuambiwa kazi yake, anakimbilia kile kidude mkonga unapolalia, anakidonoa kwa kidole. Na hapa ndo msomaji wa Mbagala anapoumia. Mtambo hauna macho, haukuoni umekunja sura unajitahidi, wenyewe unahesabu tu laini imekatwa kwa muda gani. Ukidonoa chapchap sana unadhani unapiga namba, ukidonoa kwa kiasi unaelewa unataka kuhamisha, ukikandamiza ukachelewa kidogo tu unaona huyu kaweka simu chini kamaliza maongezi, na unamkata mtu wa watu. Hata R yenyewe ina maudhi yake. Kuna simu zinakata laini kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, hizo zimetengenezwa kwa desturi ya Ulaya, na kuna zinazokata zaidi ya nusu sekunde kwa desturi ya Marekani, na huko ukutani mtambo umepangwa kusubiri mojawapo. Ofisi ikinunua simu mpya ya bei chee bila kumuuliza fundi, dada anabonyeza R kwa usahihi kabisa na simu inakatika kwa usahihi kabisa, au haifanyi lolote, na mteja anabaki anasikia watu wanaulizana "imekubali?"

Wazee wenzangu watakumbuka kufuli. Zamani zile za simu za kuzungusha, bosi alikuwa anafunga kikufuli kidogo kwenye tundu la namba ili watu wasipige, unapokea tu. Basi vijana wa stoo walikuwa wanasubiri saa ya chakula cha mchana wanaingia wanadonoa kile kidude, namba tatu wanadonoa mara tatu, sifuri wanadonoa mara kumi, na simu inaenda, wanaongea na shangazi zao Tanga mpaka bosi anarudi, kufuli lake liko palepale linang'aa. Bili ikija anamkazia macho opereta. Ilikuwa inawezekana kwa sababu lile duara la kuzungusha halikuwa na uchawi wowote, kazi yake ilikuwa kukata laini mara kadhaa kulingana na namba, na kidole cha kijana wa stoo kilikuwa kinafanya hivyohivyo. Ndo mana nasema kidonoo ni lugha. Ukiidonoa vibaya umesema kitu kingine.

Na hii dhana ya kwamba opereta ananifanyia makusudi siyo ya Mbagala peke yake wala ya leo. Huko Marekani, mji wa Kansas City, alikuwepo mwenye biashara ya mazishi anaitwa Almon Strowger, akawa anaona misiba inatokea mjini lakini simu za wafiwa haziji kwake, zinaenda kwa mshindani. Inasemekana aliamini opereta, ambaye alikuwa mtu wa karibu wa huyo mshindani, ndo anazigeuza njiani. Wengine wangeandika barua gazetini, yeye akatengeneza mtambo wa kuunganisha simu bila opereta kabisa, akapewa hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1891, na mitambo ya ukoo huo ndo iliyotuunganisha dunia nzima kwa miongo mingi iliyofuata. Yaani sisi maopereta tulianza kupoteza kazi kwa sababu ya mtu wa majeneza aliyedhani tunamhujumu. Hilo huwa linaniuma na linanichekesha kwa pamoja.

Turudi nyumbani. Mwezi wa nne mwaka huu nilipiga simu ofisi moja, sitaitaja, nafuatilia faili la kiwanja cha marehemu mume wangu. Akapokea kijana mwenye adabu zake, shikamoo mama, marahaba baba, nikamweleza, akasema subiri kidogo mama nikuangalizie, kisha nikasikia kooo, mkonga umewekwa mezani. Ubavu kwa ubavu na kikombe nadhani, mana kila kijiko kilipokoroga mimi nilisikia kengele ya kanisa. Nikakaa hapo dakika kumi na moja. Nilisikia chapati mbili na maharage zinaagizwa, nikasikia dada mmoja hajatoa pesa ya mchezo mwezi wa pili sasa na anasemwa akiwa ametoka, nikasikia printa inatukanwa. Kisha sauti ya mama mtu mzima ikasema "ni yule bibi wa jana, mwambie mkuu yuko saiti", na mkuu mwenyewe, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti yake nzito, "bibi gani?" Kijana akaushika mkonga akaniambia kwa upole wote mama samahani mkuu yuko saiti. Nikamwambia nimemsikia, msalimie hukohuko saiti.

Sasa hapo mtu atasema jeuri. Ya huyo mama mtu mzima sawa, ni jeuri. Ila kijana? Kijana hakujua kama nasikia. Kwa akili yake, kuweka mkonga mezani ndo kumwambia mtu asubiri. Amezaliwa simu za mkononi zimeshaingia, kwao hakukuwa na simu ya mezani wala kwa jirani, mara ya kwanza kushika mkonga wenye waya ni siku aliyoripoti kazini, na siku hiyo alioneshwa choo, daftari la mahudhurio na mahali pa kupasha chakula. Simu nani akuoneshe, si simu? Kila mtu anajua simu! Na kile kitabu cha maelekezo kipo kwenye droo ya mhasibu na nailoni yake, kimeandikwa Kiingereza cha mafundi, hakuna aliyekifungua tangu kisanduku kifungwe ukutani.

Angeniweka holdi nisingesikia hata chapati. Holdi ni hivi, kwa wale wenye simu zenye kitufe chake: unabonyeza, taa ya laini inaanza kupepesa, na baada ya hapo unaweza kuweka mkonga mahali pake kabisa. Watu hapo ndo wanaogopa, nimefundisha mabinti wengi kazini na kila mmoja mkono unamtetemeka, wanahisi wakiweka mkonga chini mtu atakufa. Hafi. Anasubiri. Ukimtaka unanyanyua unabonyeza ile taa inayopepesa, huyo hapo. Ukimsahau, mitambo mingi inakukumbusha yenyewe, wetu ulikuwa umepangwa dakika moja, ikipita simu inaanza kulia kana kwamba ni simu mpya kumbe ni yule yule wako wa mwanzo kachoka. Siyo sawa na myuti. Myuti we unamsikia yeye hakusikii, kwake ni kimya kama kisimani, ndo hapo anaanza haloo, haloo, mko hapo? na anakata mwenyewe kisha anasema mmemkatia. Kwa wale wa R, mkimsimamisha mtu kwenye laini msiweke mkonga chini ovyo mana mitambo mingine itakurudishia mtu palepale kwa kulia tena, na mingine itamkabidhi kwa yule uliyekuwa unampigia hata kama hajapokea, jaribuni wenyewe kwa wenyewe kwanza kabla ya kujaribu kwa wateja.

Na ule muziki wa holdi watu wanaucheka lakini una kazi yake. Ulianza kwa bahati mbaya tu, Mmarekani Alfred Levy alikuwa na kiwanda, waya mmoja wa simu ukawa umegusa chuma cha jengo, jengo zima likawa kama eriali linanasa redio ya jirani, waliowekwa kusubiri wakawa wanasikia muziki. Yeye badala ya kumuita fundi arekebishe akaenda kuomba hataza mwaka 1962, akaipata 1966. Alichokiona ni kwamba mtu anayesikia kitu anajua laini ipo hai. Anayesikia kimya anadhani amekatwa. Kwetu mtambo ulikuja na kinanda chake cha ting ting ting kama midoli ya watoto, kinachosha mpaka meno, fundi akagundua nyuma kuna tundu la kuchomeka redio basi tukachomeka redio. Ikawa nzuri, taarifa ya habari, taarabu mchana, mpaka siku moja Simba na Yanga zinacheza, nikamuweka holdi mteja mmoja anayedai hela zake tangu asubuhi, amefura, nikarudi kwake nikamwambia mhasibu ameshapatikana nakuunganisha, akaniambia dada angu subiri kwanza usiniunganishe, penati hiyo.

Jambo la kurudi kwa mtu ndo mama aliyenifundisha kazi alilipigia kelele kuliko yote. Alikuwa na saa kubwa ya mezani, kila nusu dakika anarudi kwa mteja: bado anaongea, unaendelea kusubiri au nichukue namba yako akupigie? Namna hiyo mtu anachagua mwenyewe. Leo hii linauma zaidi mana zamani anayepiga alikuwa ofisini kwake kama wewe, bili ya shirika, siku hizi anayepiga ni bodaboda aliyesimama kivulini na dakika zake saba za bando, kila sekunde unayomsahau ni ya kwake siyo ya serikali. Mimi zile dakika kumi na moja za chapati nilizilipia.

Na kuhamisha nako, kuna kuhamisha na kuna kumtupa mtu. Yule mama alikuwa anatuambia unamkabidhi mtu kama unavyomkabidhi mtoto kwa jirani, humuachi mlangoni unaondoka. Unabonyeza, unapiga namba ya ndani, unasubiri ipokelewe, unasema nina mzee wa kutoka Rufiji anaulizia malipo ya korosho, ameshaeleza, mchukue. Ndo unaweka chini. Wengi wanafanya ile ya kutupa, wanapiga namba ya ndani wanaachia hapohapo, inalia kwenye meza ya mtu aliyekwenda msibani Songea, inalia weee mpaka mtambo unachoka unairudisha mapokezi, mapokezi wanasema haloo habari za asubuhi, na mzee wa watu anaanza upya kuanzia korosho zilipochanua. Nimeshuhudia mtu akapelekwa uhasibu, uhasibu wakampeleka masijala, masijala wakampeleka kwa katibu muhtasi, katibu muhtasi akamrudisha kwangu, kila mmoja kwa nia njema kabisa, alipofika kwangu mara ya pili sauti imebadilika nikadhani ni mtu mwingine. Nikamsalimia upya. Alinitukana, na alikuwa na haki.

Sasa nije kwenye daivati, mana hiyo ndo balaa lenyewe na haikuguswa kwenye ile barua. Kudaivati ni kuuambia mtambo simu zangu zipeleke kwingine. Kuna ya zote, hailii kabisa mezani kwako inaruka moja kwa moja. Kuna ya nikiwa naongea, na kuna ya nisipopokea, yaani inalia kwanza mezani mara nne tano, kimya, ndo inaruka. Kama ofisi ingeniuliza mimi ningewaambia watumie hii ya mwisho tu, mana hata ukiisahau haina madhara sana, simu italia mezani kwako kwanza. Ile ya zote ni ya kuogopa kama pasi ya umeme, ukitoka lazima ukumbuke kama umeizima.

Sisemi haya kwa kujifanya najua. Mwaka 2009 kwenda Pasaka bosi wetu alikuwa anasubiri simu ya nje, nikadaivati laini kuu ya ofisi nzima kuja kwenye simu yangu ya mkononi, nikapanda basi kwenda Muheza. Siku nne nilikuwa mimi ndo kampuni. Jumatatu ya Pasaka nimekaa chini ya mwembe na sahani ya pilau mtu ananiuliza bei ya mabati geji 30 kwa jumla. Hayo ni madogo. Jumanne ile nikarudi kazini, nikakaa mezani, simu iko kimya, nikasema leo watu bado wapo kwenye sikukuu, alhamdulillah. Mkoba wangu chini ya meza ndo ulikuwa unalia tangu saa mbili. Na mimi nikipokea simu yangu binafsi sisemi jina la ofisi, nasema kama binadamu wengine, "haloo, nani mwenzangu?" Hiyo "nani mwenzangu" nilimjibu mkurugenzi mkuu aliyekuwa anapiga kutoka Dodoma, tena mara mbili, ya pili nimeongeza "mbona husemi". Nilikuja kuizima Alhamisi. Alafu kilichofuata ni bili, mana watu wengi hawajui, simu ikiruka kutoka ofisini kwenda mkononi, yule aliyepiga analipia mpaka ofisini tu, kile kipande cha pili anayelipa ni ofisi iliyodaivati. Nilikatwa mshahara kidogo na sikulalamika.

Tulikuwa nao pia makatibu muhtasi wawili mashosti, kila mmoja saa ya chakula anadaivati simu yake kwa mwenzie. Mwenzie kadaivati kwake. Mtambo wetu ulikuwa haukubali kuzungusha mtu kama pia, ukawa unampa tu mlio wa bize, basi saa nzima wakurugenzi wawili wako bize na wote wamekwenda kula ndizi. Kumbe mtambo ulikuwa unatoa taarifa, ukinyanyua mkonga kwenye simu iliyodaivatiwa ule mlio wa kupigia hauji mfululizo unakuja unakatakata, na kwenye simu zenye vitufe kuna taa inawaka. Hakuna aliyewaambia maana yake. Walidhani simu ina unyevu.

Kwenye simu za mkononi za ofisi, na siku hizi ofisi nyingi ndo hizo, ukitaka kujua kama zote zimedaivatiwa piga nyota reli 21 reli (*#21#). Kuifuta ni reli reli 21 reli (##21#). Kufuta aina zote kwa mpigo, reli reli 002 reli (##002#). Ziandikeni mahali. Na hapa niwaonye mabinti wa mapokezi, akipiga mtu anasema yeye ni wa mtandao wa simu, kuna hitilafu kwenye laini yenu, naomba upige nyota mbili 21 nyota alafu namba hii nakutajia, usipige. Huyo anakwambia umpe simu zako zote, wateja wakipiga anapokea yeye, benki ikipiga kuthibitisha anapokea yeye, na we umekaa unafurahia leo ofisi imetulia kama mimi na ile Jumanne yangu. India huko wizi huu ulikithiri mpaka mwaka 2024 serikali ikaziamuru kampuni za simu zisimamishe hiyo njia ya kudaivati kwa kupiga nyota.

Ninachoomba mimi siyo semina. Semina najua zinavyokwenda, siku ya kwanza ni kujisajili na soda. Naomba nusu saa. Fundi akija kufunga simu asiondoke kabla hajakaa na anayepokea simu, siyo na bosi, anayepokea, wakawekana holdi, wakahamishiana, wakakatiana kwa bahati mbaya mara tatu nne mpaka mkono uzoee. Alafu karatasi moja igundishwe pembeni ya simu kwa solotepu, kwa Kiswahili: kushikilia bonyeza hapa, kuhamisha hivi, kurudi kwa mteja hivi, kuzima daivati hivi, na chini yake orodha ya namba za ndani, ya mwaka huu jamani, siyo ile yenye majina ya watu waliokwishahama, waliostaafu na waliotangulia mbele za haki.

Nimalizie na faili langu. Baada ya zile chapati nilikaa wiki mbili nikapiga tena ofisi ileile, safari hii nikaomba namba ya ndani ya mkuu wa idara moja kwa moja, nikaipata, nikapiga. Ikalia sauti ya ajabu kidogo mimi nikaitambua hii imeruka. Akapokea mzee, nyuma yake nasikia jogoo na maji yanamwagika. Nikasema samahani nilikuwa namtafuta mkuu wa idara. Akasema mkuu wa idara nilikuwa mimi, nimestaafu mwaka wa pili sasa, nipo shambani kwangu Mvomero namwagilia nyanya, ila simu zao bado zinakuja kwangu, nimewaambia mpaka nimechoka, wewe shida yako nini mama? Yaani huyo mkuu mpya anakaa mezani na simu iliyokufa kwa miaka miwili anaamini wananchi hawana shida, na ofisi kila mwezi inalipia simu za kwenda kwenye nyanya. Nikamweleza mambo ya kiwanja, akaniuliza namba, nikasikia anafungua daftari, kumbe anaandika wote wanaopiga. Akasema faili hilo nalikumbuka, lina jalada la kijani limechanika pembe, lipo masijala rafu ya tatu kutoka dirishani, lilikosewa mtaa kwa hiyo wanalitafuta sipo. Nenda mwambie kijana.

Nikaenda Jumatano. Kijana ndo yule wa kikombe, akanipa kiti, akaingia masijala, rafu ya tatu kutoka dirishani, akatoka nalo dakika mbili hazijaisha, pembe imechanika kweli. Wakati anapiga muhuri nikamwambia mwanangu, ile simu ya mkuu imedaivatiwa kwa mzee Mvomero, nipe dakika moja niwafutie mana kazi hiyo naijua. Akaangalia mlangoni kwanza, akainama akaniambia taratibu, "Mama nakuomba usiifute. Sasa hayo mafaili mengine tutamuuliza nani?"

Opereta mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam